Mshale Uliolala

Katika gereji ile kulikuwa na sheria moja ambayo hata mteja mwenye haraka za kuwahi msiba alilazimika kuivumilia. Gari halitoki mpaka mwenyewe akabidhiwe kile kilichoharibika. Umebadilishiwa beringi, unawekewa beringi kuukuu kiganjani, na grisi yake yote. Umebadilishiwa mpira wa maji, unapewa ule uliopasuka, uone ulipopasukia. "Huyu hapa marehemu wako," fundi alikuwa akisema, uso mkavu. "Ukamzike mwenyewe."

Sheria hiyo aliiweka Mzee, mwenye gereji, tangu siku anafungua mlango, kwa sababu hakuna neno alilolichukia kama kuitwa mwizi. Watu hupenda kusema mafundi wanabadilisha vizima na kudai vimekufa. Basi yeye akasema hapa kwangu maiti ataonekana. Na aliyeirithi sheria, pamoja na boksi la spana na kiti cha miguu mitatu, ni mwanafunzi wake wa kwanza: mtu mfupi, mpole, masikio makubwa, maneno ya kuhesabika, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu. Ukikaza bolti kwa pupa, atakwambia taratibu. Ukimlilia shida zako, taratibu. Mkewe alikuwa akisimulia kwamba hata siku ya ndoa, alipoulizwa kama amekubali, alifikiri kwanza mpaka watu wakaanza kukohoa. Ametia chumvi, lakini si nyingi.

Mwaka ule Mzee alipigwa na kiharusi. Kichwa kilibaki timamu na ulimi ukarudi baada ya wiki chache, ukali wake haukupungua hata kidogo, lakini upande wa kulia ulibaki mzito. Mkono wa kulia ulijikunja kifuani, vidole vimefumbata kana kwamba vimeshika kitu ambacho havitaki kukiachia. Kwa mtu mwingine ungekuwa mkono tu. Kwa Mzee ndio uliokuwa ukisikia bolti inataka kukatika kabla haijakatika.

Kliniki ya mazoezi ilikuwa ng'ambo ya mlima. Mji wao uko bondeni, joto tele mwaka mzima, mtu halali na blanketi. Lakini barabara ya kliniki inapanda mpaka juu kabisa, kwenye ukungu na baridi ya kung'ata masikio, halafu inateremka upande wa pili mwendo wa saa nzima. Mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, binti yake Mzee, mwalimu wa shule ya msingi, alimpakia baba yake kwenye pikapu kuukuu ya nyumbani kabla jua halijachomoza. Jirani alijitolea kigari chake kidogo, lakini goti la Mzee halikunjiki vya kutosha kujishusha kwenye kiti cha chini. Pikapu ina kiti cha juu, kirefu, cha watu watatu. Unamsukuma kidogo tu, amekaa.

Shida ilikuwa hita. Miaka yote ile hakuna aliyejua kama pikapu ina hita, maana bondeni nani aiwashe? Sasa inahitajika, na inapuliza kwa nguvu zote upepo wa vuguvugu usiomtoa mtu hata mafua. Mzee alifika kliniki amekakamaa kama samaki wa kwenye friji. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja kijana asiye na mzaha, alimwambia binti bila kumficha. Miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kuuokoa mkono, na minne imeshakwenda. "Mkono ukifika hapa umeganda, muda wote unaishia kuukanda upate joto. Mazoezi hayafanyiki. Mnakuja kunisalimia tu."

Binti akaipeleka pikapu kwa Taratibu.

Jumamosi ya kwanza alianza pale ambapo fundi yeyote angeanza. Feni inazunguka vizuri. Maji ya rejeta yamejaa, hakuna hewa iliyonaswa humo. Kibao cha ndani ya dashibodi, kinachogeuza upepo upite kwenye joto, kinafunguka. Akaja kwenye koki inayoruhusu maji ya moto ya injini yaingie kwenye hita, na hapo akatabasamu. Waya wake ulikuwa umelegea na koki ilikuwa inafunguka nusu. Akaweka waya mpya, na jioni akapita nyumbani kwa Mzee na ule wa zamani.

"Shikamoo, Mzee. Marehemu wako huyu hapa."

"Marahaba." Mzee aliupokea kwa mkono wa kushoto, akauvuta kwa meno na kidole kuupima. "Waya umechoka kweli. Umefanya vizuri."

Jumatatu alifika kliniki ameganda vilevile.

Jumanne Taratibu akaifungua tena. Hita nayo ina rejeta yake, ndogo, imejificha nyuma ya dashibodi. Alichomoa mipira yake miwili, akaingiza maji ya bomba kwa upande mmoja, na upande wa pili yakatoka maji mekundu ya kutu, mazito, mpaka moyo wake ukafurahi. Aliendelea kusafisha mpaka yakatoka meupe ya kunyweka. Akajaza uchafu ule kwenye chupa ya plastiki, akampelekea Mzee. Mzee akaitikisa chupa, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha na kusema huyu marehemu ana mwili. Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie.

Ijumaa asubuhi binti alikuja gerejini akiwa na chaki bado kwenye vidole. Hakukaa.

"Kaka, imekuwa afadhali wakati wa kupanda tu. Tukianza kuteremka, baridi ileile. Jana mkono haukufunguka kabisa." Akageukia ukutani, na Taratibu akaona mabega yanatikisika. "Amesema Jumatatu ndiyo mwisho. Akifika tena hivyo, harudi. Na unamjua baba akisema."

Taratibu alimjua. Mtu ambaye alikaa miaka kumi bila kusalimiana na muuza tairi kwa ajili ya tairi moja, huyo hawezi kubembelezwa. Akamwambia binti aiache pikapu. Hakusema taratibu.

Kesho yake alifanya jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu mwanzo, na yeye mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Aliiendesha pikapu peke yake mpaka kileleni, akateremka nayo kidogo upande wa pili, akasimama pembeni, akafungua boneti. Alishika mpira unaopeleka maji kwenye hita, halafu ule unaoyarudisha. Kama rejeta ndogo ingekuwa imeziba, mmoja ungekuwa wa moto na mwingine baridi. Ilikuwa sawasawa, yote miwili vuguvugu, kama chai aliyoisahau mtu mezani. Maana yake maji yanapita vizuri. Maji yenyewe ndiyo hayana moto.

Akarudi kwenye usukani, akaangalia geji ya joto. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

Sasa msimcheke. Mshale uliolala, katika gereji ile, ulikuwa sifa. Ndiyo ilikuwa salamu yao asubuhi. "Umeamkaje?" "Mshale umelala." Gari lolote lililotoka mikononi mwa Mzee, hata lipande mlima na shehena ya mawe, mshale wake haukunyanyuka, na madereva walikuwa wakitoka mbali kutafuta huduma hiyo. Taratibu alikuwa ameutazama mshale ule wiki nzima, kila alipowasha injini, na kila mara aliridhika. Ilibidi akae pale kwenye ukungu, vidole vinamuuma kwa baridi, ndipo ajiulize swali la mtoto mdogo. Kama injini haipati moto, hita itautoa wapi?

Na jibu alikuwa nalo tangu ujana wake. Pale mpira mkubwa wa maji unapotoka kwenye injini, kuna kikombe cha chuma kimefungwa kwa bolti mbili, na ndani yake hukaa thamostati, kijifaa cha shaba kidogo kuliko yai. Kazi yake ni kuyazuia maji yasikimbilie kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa kutosha, halafu ndipo ifunguke. Mzee alikuwa na msimamo wake juu ya kijifaa hicho. "Hiki ni cha nchi za barafu. Kwetu kinaua injini." Gari lolote likiingia gerejini mara ya kwanza, bolti mbili, kinatolewa, Mzee anakichukua. Taratibu alifundishwa kukitoa kabla hajafundishwa kubadilisha oili. Amekitoa kwenye magari ambayo hawezi kuyahesabu. Na kwenye pikapu hii alikitoa yeye mwenyewe, wiki iliyonunuliwa, Mzee amesimama nyuma yake akimwelekeza.

Alishuka, akakaa kwenye jiwe la kando ya barabara, akashika tama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na masikio yake hayakuwa madogo. Lakini aibu yake ilikuwa sehemu ndogo. Mzee alimtoa mtaani, akamlisha, akamkabidhi ufundi na baadaye gereji. Leo ana nusu ya mwili, na kilichobaki kizima ni heshima ya kazi yake. Utakwendaje kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba alikosea maisha yake yote, na kosa lenyewe ndilo linalomla mkono?

Njia rahisi ilikuwepo. Aweke thamostati kimyakimya, aseme ilikuwa hewa tu iliyonaswa kwenye maji. Hita itafanya kazi, mkono utapona, kila mtu atalala. Aliigeuzageuza njia hiyo njia nzima ya kurudi, na akaipenda. Kikwazo kilikuwa kimoja. Mzee atanyoosha kiganja, atataka marehemu. Atawekewa nini?

Kwenye duka la vipuri, muuzaji alimsikiliza, akavua miwani.

"Wewe? Unanunua thamostati?"

"Ya pikapu, ile ya zamani."

"Nina moja. Ina vumbi la enzi na enzi, na aliyesababisha ni wewe na bosi wako. Ngoja niite watu waje washuhudie."

"Nipe tu, kaka."

Nyumbani alichukua sufuria ya mkewe, akaijaza maji, akaibandika jikoni na thamostati ikining'inia ndani kwa uzi. Mkewe akauliza kama siku hizi wanapika vyuma. Taratibu hakuondoa macho kwenye sufuria. Aliinama juu ya mvuke, na maji yalipokaribia kuchemka akaiona inafunguka, kidogokidogo, kama mtu anayeamka. Akaitoa, ikafunga. Akaitumbukiza tena. Alirudia mara tano. Miaka yote aliyokuwa fundi alikuwa hajawahi kuiona ikifanya kazi.

Jumatatu aliendesha yeye. Binti alikaa katikati, Mzee mlangoni, blanketi mpaka kidevuni, amenuna. Mji ukaisha, barabara ikaanza kupanda, na mshale ukaamka. Ukapita robo. Ukafika karibu na nusu. Taratibu alijua kwamba hapo ndipo unapotakiwa ukae, alijua kabisa, na bado mgongo ukamtoka jasho.

"Zima," Mzee akasema.

"Mzee, halichemki."

"Nimekwambia zima. Nina macho."

"Litasimama hapohapo, haliendi zaidi."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma geji, leo unanisomea wewe?"

Binti alimtazama Taratibu kwa macho ya kuomba. Fundi akaliegesha gari pembeni, akazima, akafungua boneti. Hakuna mvuke, hakuna tone. Akaiacha wazi ili Mzee, kupitia kioo, aone mwenyewe kama kuna mvuke utakaopanda, akasimama kando kama mshtakiwa. Zilipita dakika mbili ndefu. Mwishowe Mzee aligonga dashibodi kwa mkono wa kushoto, mara moja, na Taratibu akafunga boneti na kuwasha.

Kileleni ukungu ulikuwa mzito wa kukata kwa kisu. Humo ndani, hita ilikuwa inapuliza joto la kweli, linalopanda kutoka miguuni. Binti akavua sweta. Baadaye kidogo Mzee akaishika ncha ya blanketi na kujifunua. Walipoanza kuteremka upande wa pili, pale penye ubishi, joto halikupungua. Mzee aliutazama mshale kwa muda mrefu. Ulikuwa umetulia palepale.

Kisha akanyoosha kiganja cha kushoto, mbele ya binti yake, bila kugeuka.

"Marehemu yuko wapi?"

Taratibu aliikumbuka ile njia rahisi. Hewa. Neno lilikuwa fupi na lilikuwa tayari mdomoni.

"Hayupo, Mzee," akasema. "Hakuna kilichokufa. Kuna kilichokuwa hakipo. Ni thamostati. Niliitoa mimi kwa mkono wangu, wiki ile uliponunua gari. Nimerudisha nyingine."

Kiganja kilibaki wazi hewani kitambo, halafu kikarudi mapajani. Binti hakuelewa kilichopita kati yao, ila alielewa kwamba kimepita kitu kikubwa, akaitazama barabara mpaka kwenye lango la kliniki.

Ni wakati wa kumshusha, Mzee amemwegemea begani, ndipo Taratibu akasema lililokuwa likimkereketa tangu kwenye lile jiwe. Alilisema kwa sauti ya chini kabisa.

"Kila kifaa tulimpa mwenye gari, Mzee. Hata nati. Mbona thamostati hatukumpa mtu hata mara moja?"

Mzee alimtazama kwa karibu, uso kwa uso. Akaingia ndani.

Mtaalamu wa mazoezi aliushika mkono, akashangaa. Ulikuwa na joto. Hakuukanda. Alianza kazi moja kwa moja, na kabla ya muda kwisha, gumba na kidole cha shahada vilikuwa vimeachia mpira mdogo alioupachika katikati. Vimeachia vyenyewe, bila kuvutwa. Binti alitoka nje kwenda kulia kwenye korido, akamkuta Taratibu huko, naye anapangusa macho kwa kitambaa chenye oili.

Wakati wa kurudi Mzee alizungumza akiwa anatazama barabara. Alisema gari la kwanza alilokabidhiwa peke yake, enzi za ujana wake, thamostati ilikwama imefunga. Injini ikachemka njiani, kichwa chake kikapinda, na bosi wake akamfukuza mbele ya wateja, akimwita majina. Baada ya hapo hakuweza tena kulala ikiwa gari alilolishika lina kile kitu ndani.

"Niliogopa," akasema. "Halafu mshale ukalala, watu wakanisifu. Nikaona basi."

"Zile nyingine zilikuwa mbovu?"

"Nenda stoo. Nyuma ya matairi, kuna debe lenye kifuniko."

Walipofika bondeni, Taratibu alilikuta. Lilikuwa zito, alilibeba kwa mikono miwili. Ndani zilijaa thamostati mpaka juu, kila moja imefungwa kwa waya kijikaratasi chenye namba ya gari na jina la mwenyewe, kwa mwandiko wa Mzee. Hakuna hata moja iliyotupwa. Taratibu alikaa chini kwenye sakafu, debe katikati ya miguu, na hapo ndipo alipomhurumia Mzee kuliko siku ile alipoanguka.

Tangu wiki hiyo, Jumamosi mchana, pikapu ilimleta Mzee gerejini. Alikaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, mbele yake jiko na sufuria kuukuu ambayo mke wa Taratibu hakuitaka tena. Iliyofunguka aliiweka kushoto, iliyokataa aliitupa kulia. Taratibu alitaka kumsaidia kuchagua kwenye debe, akaambiwa aondoke hapo. Mzee alizichukua kwa mkono wa kulia. Nyingi zilimponyoka. Aliinama, akazifuata chini, akazijaribu tena, na mtaalamu wa mazoezi aliposikia akasema hakuna zoezi yeye analoweza kumpa lililo bora kuliko hilo.

Mtu wa kwanza kuitwa alikuwa dereva wa teksi, mzee mwenzake, ambaye gari lake lilikuwa la zamani kuliko gereji na miaka yote alilalamika kwamba linakunywa petroli kuliko lori, kama injini yoyote isiyopata moto wake. Alikuja na utani wake mdomoni. "Mshale wangu umelala, bosi. Umeniitia nini?"

Mzee hakucheka. Alisimama, akimwegemea Taratibu upande mmoja, akaunyoosha mkono wa kulia mbele ya yule dereva. Vidole vilichukua muda wao, kimoja kimoja, mpaka vikafunguka, na kijifaa cha shaba kikadondoka kwenye kiganja cha mwenyewe pamoja na kijikaratasi chake.

"Ni yako," Mzee akasema. "Haikuwa imekufa."